León wa Poland, mwana wa Santiago de Cuba

Agosti 2024 mjini Paris, Wilfredo León alivishwa medali ya fedha ya Olimpiki akiwa na jezi ya Poland, nchi ambayo mpira wake wa wavu wa wanaume haukuwa umepata medali ya Olimpiki tangu dhahabu ya Montreal 1976. Kijana huyu alizaliwa Santiago de Cuba mwaka 1993. Je, aliwasaliti Wakuba?

Wanaomlaumu wana hoja nzito. Mama yake alikuwa mchezaji, na yeye alikuzwa na mfumo wa michezo unaogharimiwa na serikali ya Kuba. Kabla hajatimiza miaka 16 alishaitwa timu ya taifa. Mwaka 2010, akiwa na miaka 17, alicheza fainali ya Ubingwa wa Dunia kule Italia, wakafungwa na Brazil. Kuba ilipanda mti, matunda wakayachuma Zenit Kazan ya Urusi: mataji manne mfululizo ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, 2015 hadi 2018.

Lakini nani alimfungia mwenzake mlango? Enzi hizo, Mkuba aliyejiondokea kwenda kucheza kwa malipo ughaibuni ilibidi aisahau timu ya taifa. León aliondoka 2013, akapata uraia wa Poland 2015, na hakuichezea hadi Julai 2019. Olimpiki ya Rio ikampita akiwa katika ubora wake. Wakenya wanamkumbuka mkimbiaji wao Stephen Cherono: 2003 alihamia Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka uleule akambwaga Ezekiel Kemboi kwenye fainali ya dunia ya kuruka viunzi na maji. León, tofauti na Cherono, alikaa miaka bila timu ya taifa. (Kazan walikuwa wakimlipa, sawa, hakulala njaa.)

Mimi namtetea, ila kuna jina moja linanisumbua: Robertlandy Simón, nahodha wake wa 2010. Naye aliondoka, akacheza ng'ambo, lakini hakuvaa jezi ya nchi nyingine. Kuba ilipolegeza masharti alirudi kuichezea, mwaka 2019, uleule ambao León alianza kuvaa nyeupe na nyekundu ya Poland. Kwa hiyo kusubiri kuliwezekana. Tatizo ni kwamba Kuba haikufuzu Tokyo wala Paris, na Simón, mmoja wa wachezaji bora wa kati wa kizazi chake, hajawahi kucheza Olimpiki hata moja.