Dakika saba na nusu za watu wa baridi

Kosa la kwanza ni kumuahidi ami. Ami yangu mdogo alikuwa aoa, na mimi ndo nimetoka kununua kamera kuukuu ya filamu najiona mpigapicha wa haja, nkamwambia ami wewe usihangaike, waache hao wa video wafanye yao, mimi ntakupigia za nyeusi na nyeupe kama ile ya babu pale ukutani. Akafurahi masikini.

Kabla ya harusi nkafanya roli moja ya mazoezi. Nkapiga paka wa Mji wa Kale, Fort Jesus, watu wakikimbilia feri Likoni. Filamu ni HP5, dawa ya kwanza, ile ya kutokeza picha, ni D-76 bila kuchanganya na maji, na chati ya kusafishia yasema wazi: digrii 20, dakika 7 na nusu. Nkatumbukiza themometa kwenye maji ya tangi la juu ya paa, ikasoma 31. Nkasema ah, digrii kumi na moja nini bana, si ni tofauti ya kivulini na juani tu.

Ikatoka lami. Yani waishika kwenye taa huoni kitu, paka hakuna, Fort Jesus hakuna, feri imezama na watu wake. Kumbe dawa ikiwa moto yafanya kazi mbio, dakika saba na nusu kwa maji ya Mombasa ni kama kusahau mahamri kwenye mafuta ukaenda kuswali.

Basi ikafika roli ya nikaha. Hiyo nkaapa nitaishusha mpaka 20 hata iwe nini. Friji yetu haina barafu maana stima zilikatika tangu asubuhi, nkamtuma kijana wa jirani aniletee barafu kwa mama mmoja mtaani mwenye friza, nkampa shilingi sitini. Alirudi na barafu kumi na mbili kweli. Barafu za ubuyu. Zile za kunyonya. Nkamuuliza hizi ni nini, akanambia si wewe umesema barafu? Na moja keshaianza.

Sikuwa na budi, nkazitia zote kwenye ndoo na chupa zangu mbili za dawa ndani. Zikapasuka, maji yakawa mekundu, choo kizima kinanukia ubuyu na vanila, lakini wallahi themometa ilishuka: 28, 25, 22. Mimi wakati huo niko ndani ya kabati nimejifunika blanketi napandisha filamu kwenye spuli gizani, jasho latiririka mpaka filamu yanata, hapo mamangu yuko mlangoni:

"Wafanya nini humo saa nzima?"

"Nasafisha filamu, mama."

"Na choo je, ushakisafisha?"

Nkatoka na kile kitangi cha kusafishia, filamu iko ndani na kifuniko kimefungwa, nkaenda kwenye ndoo, na hapo ndo nkaona vile vikaratasi nilivobandika kwenye chupa, kimoja D-76 na kimoja fiksa, ile dawa ya pili, vyote vimebanduka vyaelea kwenye ubuyu. Chupa zafanana, dawa zote mbili nyeupe kama maji. Siku nyengine ningenusa tu, fiksa ina ile harufu kali ya siki, lakini siku hiyo hata pua yangu yenyewe ilinukia ubuyu. Nkabahatisha. Nkamimina, nkatikisa sekunde kumi kila dakika kama mtu anaejua, stopuwochi kwenye simu, dakika 7 na nusu bila kuzidisha hata sekunde. Sijawahi kupima wakati sawasawa vile.

Ikatoka safi. Safi kabisa, yani plastiki tupu, waona ng'ambo.

Nkaipeleka kwa mzee mmoja aliekuwa na studio zamani, nkamwambia shikamoo mzee, nafikiri nimeiweka dakika chache. Akaivuta mpaka puani, akaitazama pembeni badala ya katikati. "Mwanangu, nambari ziko wapi?" Zile nambari na jina la filamu huchapwa na kiwanda, hata usipopiga picha hata moja lazima zitoke. Zikiwa hafifu ni dakika chache, zikiwa nzuri na picha hakuna basi ni kamera. "Na zisipokuwepo kabisa?" nkauliza, na jibu nshalijua. Akacheka mpaka akavua kofia. "Umeanza na fiksa." Kazi ya fiksa ni kuondoa fedha yote ambayo dawa ya kwanza haijaigeuza nyeusi, na mimi dawa ya kwanza sikuitia, kwa hivo fedha yote ikaenda na maji. Ya filamu na ya mfukoni.

Kuhusu ile 20 akanambia wacha kupigana na mji. Fanya kwa 24, D-76 ichanganye na maji nusu kwa nusu ili ipunguze mbio, maana muda ukiwa chini ya dakika tano picha hutoka mabaka. Halafu kata vipande vya filamu ya kujaribia, anza dakika saba, panda. Nkajaribu saba, nane, tisa. Nane ndo yangu.

Likabaki la ami. Nkamueleza. Akanyamaza kitambo, akauliza, "Hata moja?" Nkamwambia hata nambari hazipo, ami. Sheikh alipigiwa simu akasema yeye haozeshi mtu mara mbili kwa sababu ya ubuyu. Kwa hivo Jumapili saa nane mchana ami akavaa tena joho na kilemba, juu ya baraza, jua la utosi, majirani wanauliza kwani anaongeza mke wa pili, na mke wa kwanza yuko dirishani anasikia.

Nkapiga kumi na mbili. Digrii 24, dakika nane, chupa nimeziandika kwa rangi ya kucha ya dadangu. Zikatoka zote, mpaka nyuzi za joho zahesabika. Nyanya akaishika ile moja, akaitazama sana, akatazama na ile ya babu ukutani, akasema sasa hapa ndo kafanana na babake, hata alivonuna.