Negatifu za studio Lamu: ni hazina ya mji au amana ya familia?

Omar Said Bakor, aliyeishi kati ya 1932 na 1993, alijifundisha mwenyewe kupiga picha, akafungua Bakor Studio mjini Lamu katika miaka ya 1960, na jina lake likavuka bahari kwa sababu ya picha za kuunganisha, ambamo sura ya mteja ilikatwa na kupachikwa katika mandhari nyingine kwa ufundi wa mkono, kabla kompyuta haijafika kwetu. Kazi ya miaka mingi namna hiyo huacha masanduku ya negatifu, yaani filamu ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo, kwa kuwa mteja alipokea picha yake akaenda zake, na filamu ikabaki studio.

Wanaotaka masanduku ya namna hiyo yafunguliwe na picha zionyeshwe wana hoja nzito. Lamu, tangu kabla ya kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, imepigwa picha na wageni wasiohesabika, na karibu zote ni za milango, punda na majahazi, huku watu wakitokea kama mapambo ya uchochoro. Studioni mambo yalikuwa kinyume: mtu alichagua kanzu yake, akachagua saa ya kuvaa mkononi, akasimama alivyotaka kukumbukwa. Historia ya namna hiyo haimo katika kumbukumbu za serikali, na hewa yetu ya chumvi na unyevu inaila filamu kila mwaka.

Upande wa pili ni stara. Katika harusi nyingi za wanawake hapa simu huzuiwa mlangoni, na sababu yake kila mtu anaijua. Mwanamke aliyepigwa picha kichwa wazi alikusudia picha ionwe na mumewe au dada zake, na kuitundika ukutani katika ukumbi wa maonyesho, hata kwa nia njema, ni kuvunja mapatano ambayo hayakuandikwa popote lakini yalieleweka na mpiga picha na mteja wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humpa nguvu mteja kuliko wengi wanavyodhani, kwani haki ya kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza. Hata hivyo haki ya picha ina muhula wa miaka 50, ilhali haya ya familia haina muhula.

Mimi naona wanaobishana wamechanganya kuhifadhi na kuonyesha. Kuziingiza negatifu katika kompyuta na kuzifungia hakumvunjii mtu heshima, na kuchelewa kufanya hivyo ni kuuachia ukungu uamuzi. Kuonyesha ni jambo jingine, la kuombewa ruhusa nyumba kwa nyumba. Picha za barabarani, za Maulidi kwa mfano, sizitii katika hukumu hii, maana waliomo walikuwa hadharani. Ugumu uliobaki ni wa majina: picha isiyojulikana ya nani haina familia ya kuombwa, na wanaoweza kuzitambua sura za miaka ya 1960 ni mabibi wachache wa mitaa yetu ya Mkomani na Langoni, ambao hadi leo wengi wao hawajafuatwa na mtu.