Hopefully ya nani?

"Hopefully kesho itakuwa tayari." Ndivyo nilivyojibiwa juzi na ofisi moja inayoshikilia hati zangu, na wiki iliyotangulia nilijibiwa hivyo hivyo, neno kwa neno. Wangeniambia hawajui, nisingeandika hata mstari mmoja. Kutojua ni ubinadamu. Kilichonichefua ni hilo neno la Kiingereza lililotangulizwa mbele, "hopefully", yaani kwa matumaini: linatoa ahadi na kuifuta papo hapo, tena kwa heshima zote.

Hebu tuulizane. Anayetumaini hapo ni nani? Mimi natumaini, sawa, sina kazi nyingine. Lakini wao ndio wenye mhuri, wenye faili na wenye funguo za kabati. Wanatumaini nini? Kwamba watajikuta wamefanya kazi yao?

Kiswahili hakimwachii mtu upenyo huo kirahisi. Ukitaka kutumaini lazima ujitaje: natumaini, tunatumaini. Nafsi imegandamana na kitenzi, huwezi kuibandua. Ukiniandikia "natumaini kesho itakuwa tayari", nimeshakupata: unatumaini kwa msingi gani, ndugu yangu? Umemuuliza anayetia sahihi? Umeiona faili kwa macho yako? Ila ukiniandikia "hopefully", tumaini linaelea hewani halina mwenyewe, na kesho ikipita huna la kujibu kwa sababu hukusema kitu. Ndiyo maana hata watu wanaozungumza Kiswahili fasaha mwanzo hadi mwisho huazima neno hili moja tu wanapofika kwenye tarehe ya kukabidhi kazi. Angalieni mazungumzo yenu ya simu mtaniambia.

Wenye Kiingereza chao nao waligombana sana juu ya neno hili, ingawa ugomvi wao haukuwa wangu. Zamani lilieleza namna mtu anavyotenda: akiwa na tumaini moyoni. Mwandishi Robert Louis Stevenson alilitumia hivyo katika insha aliyoiingiza kwenye kitabu chake cha 1881, aliposema kusafiri ukiwa na matumaini ni bora kuliko kufika. (Huyo naye hakuwahi kusubiri hati.) Kufikia miaka ya 1960 Wamarekani wakawa wanalitanguliza mbele ya sentensi nzima kwa maana ya "tutumaini kwamba", na walinzi wa lugha wakapandwa na mori. Kitabu cha mwongozo wa uandishi cha Strunk na White kikasema matumizi hayo si makosa tu, ni upuuzi. Shirika la habari la Associated Press lilikuwa likiwakataza waandishi wake mpaka Aprili 2012, lilipolegeza kamba.

Hoja yao kisarufi ilikuwa dhaifu, nakiri. Mbona "frankly" (kusema kweli) na "thankfully" (kwa shukrani) yalikuwa yakifanya kazi ile ile? Mtu akisema "thankfully mvua imekatika" hakuna anayedhani mvua ndiyo inayoshukuru. Wajerumani wana "hoffentlich" kwa kazi hiyo hiyo na jua linawachomozea kama kawaida. Basi, kisarufi halina kosa. Yaishe.

Tena kuna mahali linapokaa vizuri, nami sitalinyima haki yake. Mgonjwa yuko chumba cha upasuaji, jamaa wamekaa nje, mmoja anasema "hopefully atatoka salama". Hapo hakuna haja ya kuuliza nani anatumaini, maana wote wanatumaini na hakuna hata mmoja mwenye kisu mkononi. Sasa mtoe huyo jamaa, umweke daktari mwenyewe anavaa glavu, aseme maneno yale yale. Au rubani atangaze kwenye kipaza sauti: "Abiria wapendwa, hopefully tutatua saa kumi." Neno ni lile lile, lakini likitoka kinywani mwa mwenye usukani linatisha, na linapaswa kutisha vilevile likitoka kwa karani, fundi au mhariri.

Wale wanaofungua barua kwa "hopefully uko salama" sina ugomvi nao. Hiyo ni salamu tu.

Najua mtanirukia: na "inatarajiwa" je? Kweli, Kiswahili cha maofisini kina mapango yake, na "kazi inatarajiwa kukamilika hivi karibuni" ni pango lenye vyumba vingi. Hata "inshallah" tumeichezea, mpaka wapo wanaoitumia kwa maana ya "siji". Lakini anayesema "inshallah" angalau ametaja jambo liko mikononi mwa nani. Hopefully haijamtaja yeyote, wa mbinguni wala wa dirisha namba mbili.

Mimi sidai tarehe ya uongo. Hujui siku? Sema sijui. Unajua kilichokwama? Kitaje: mkuu hajatia sahihi, mtandao umekatika, mwenye faili yuko likizo. Nitanuna kidogo, kisha nitapanga mambo yangu kama mtu mzima. Hata "samahani, nilisahau kabisa" nitaipokea.