Picha ya Kale Mikindani: Vanishi Kwanza au Fremu?
Picha ya mtu iliyochorwa kwa rangi ya mafuta katika karne ya 19 ikitundikwa katika nyumba ya mawe pale Mikindani, ubishi huanzia usoni: vanishi iliyogeuka manjano iondolewe, au iachwe? Wanaotaka iondolewe wana hoja nzito, kwa kuwa vanishi za utomvu, kama damari na mastiki, huiva kwa miaka hadi kola nyeupe ikafanana na chai na kivuli cha shavu kikapotea. Wanaopinga nao hawabahatishi. Baadhi ya wachoraji wa enzi hiyo walichanganya utomvu katika rangi yenyewe, au walitumia rangi ya lami ambayo haikauki sawasawa, hivyo dawa inayoyeyusha vanishi inaweza kuondoka na sehemu ya sura. Huko London, usafishaji wa picha za National Gallery, jumba la kuhifadhi michoro, ulizua malumbano makali mwaka 1846, na karne moja baadaye yakazuka upya.

Naelemea upande wa kusubiri, ila kwa sababu nyingine: kwa Mtwara na Lindi, adui wa haraka yuko mgongoni mwa picha. Turubai, yaani kitambaa kinachochorewa picha, hupakwa gundi ya wanyama kabla ya rangi, na gundi hiyo hunywa unyevu ikalegea msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kisha hukaza kiangazi, ilhali rangi iliyozeeka haivutiki tena. Ndipo inapopasuka na kubanduka. Ukuta wa matumbawe na chokaa, unaofyonza maji ya ardhini, huzidisha balaa. Kibao cha nyuma, na vipande vidogo vya kuitenga fremu na ukuta, vina faida kuliko usafishaji wowote. Wanaohofia kwamba kioo cha kuifunika picha huzalisha ukungu wana haki hasa pale kinapogusa rangi.

Kuhusu fremu ya awali, nyingi za wakati ule hazikuchongwa: mapambo yalifinyangwa kwa unga wa chaki, gundi, utomvu na mafuta ya kitani, yakapakwa dhahabu, na yakinywea hupasuka. Wapo watakaotaka fundi wa Kimakonde achonge mpya ya mpingo. Ufundi huo nauheshimu, lakini mpingo ni mzito hata huzama majini, na fremu ya awali ni ushahidi wa jinsi picha ilivyokusudiwa kuonekana. Mchwa wakiwa wameshaimaliza, mninga unatosha, mradi mabaki ya ile ya kale yatunzwe pamoja na picha.