Kongamano la John Kiti

Ukitaka kuandaa kongamano la kimataifa la mshairi wa Kiingereza hapa Mtwara, mchague Byron. Mchague Shelley. Hata Coleridge, watu watajing'ata ulimi lakini watafika. Usimchague Keats. Jina lina herufi tano tu, lakini ukilitia katika kinywa cha Mswahili, ambaye neno likikosa irabu mwishoni analipa ya kwake, yule bwana anakuwa Kiti. Na kiti kwetu kina mambo mengi.

Sisi tulimchagua. Kamati ya watu watano, mimi katibu, na chuo chenye ukumbi mmoja wa feni nne, moja inazunguka siku ikijisikia. Tarehe tukaweka 23 Februari, siku aliyofia Roma mwaka 1821, akiwa na miaka 25. Sababu nyingine ilikuwa ya mfukoni: kuanzia Oktoba mpaka Desemba wanunuzi wa korosho wanajaza kila gesti toka Ligula hadi Mikindani, na Februari vyumba viko wazi. Vinakuwa wazi kwa sababu ni msimu wa mvua. Hilo kamati ilikuja kulikumbuka siku yenyewe.

Kwenye karatasi tulikuwa hodari. Ikisiri maneno 250, dakika 20 za kuwasilisha, 10 za maswali. Wageni tukawaandikia mapema kwamba soketi zetu ni za miguu mitatu bapa kama za Uingereza, kwa hiyo Mmarekani na Mjerumani waje na adapta zao. Kwenye ratiba kila saa tukaiandika mara mbili, ya kwetu na ya kwao, maana ukiandika "saa 3" peke yake mgeni anatokea alasiri akipangusa jasho, anajisifu amewahi.

Kosa lilitokea kwenye simu. Kijana wa mabango nilimpigia badala ya kumtumia maandishi. Nilitaka mabango mawili ya plastiki: dogo la getini, na kubwa la ukumbini, mita 4 kwa 1.5, lenye matundu ya chuma kila nusu mita ili upepo usilichane. Nikamwambia, "Andika Kongamano la Kimataifa la John Keats."

"Kits?"

"Kiits. Vuta kidogo."

Akavuta. Siku tatu kabla ya ufunguzi, dogo likawa limeshafungwa getini nami sijaliona. Herufi za dhahabu, mnazi pembeni: KONGAMANO LA KIMATAIFA LA JOHN KITI. Na kwa ubunifu wake mwenyewe, ambao hakutoza hata senti, akaweka picha ya kiti. Cha plastiki, chekundu.

Wa kwanza kufika ofisini alikuwa mwenyekiti wa mtaa, muhuri wake ndani ya mfuko wa kaptula.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, huyu John ni nani?"

"Mshairi, mzee. Mwingereza."

"Na kiti anachokitaka ni kipi?"

"Hataki kiti, mzee. Ameshakufa."

Akanyamaza, akatazama dirishani. "Kwa hiyo kiti kiko wazi?"

Ikabidi nimsomee maisha yote. Kwamba baba yake alisimamia banda la farasi London, akaanguka toka juu ya farasi akafa mwaka 1804. Kwamba kijana alisomea utabibu katika hospitali ya Guy's, mwaka 1816 akapata leseni ya kutibu na kuuza dawa, kisha akaacha kazi hiyo aandike mashairi.

"Aliacha hospitali kwa ajili ya mashairi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi huyo kiti hakimfai," akasema, akagonga muhuri kwenye barua yetu ya taarifa. Akaondoka amefurahi. Nyuma yake waliingia akina mama wanne wenye bahasha za wasifu, wakiuliza viti maalumu vinaombwa dirisha gani.

Viti maalumu ni kosa langu jingine. Mkodishaji nilimpigia nikiwa juu ya bodaboda: "Kaka, tuna kongamano la Keats, wageni wanatoka nje, nataka sitini."

"La viti? Na viti maalumu mnataka?"

Nikawafikiria wakubwa wa meza kuu. "Viwili."

Sitini yeye akaisikia kama idadi ya kuanzia. Siku ya ufunguzi, saa 12 asubuhi, Canter ikasimama mlangoni imejaa hadi juu. Jamaa alikuwa ameelewa ni maonyesho ya viti, akakusanya na vya wenzake ili Mtwara isiaibike. Vya plastiki, vya kukunja, vya msikitini vya wazee, benchi la kliniki, kigoda cha mpingo alichochonga Mmakonde kwa kazi safi kabisa, na mbuzi ya kukunia nazi, meno yamenolewa upya. Nikapiga hesabu haraka: ukumbi wetu unachukua safu sita za viti kumi, njia ya mita moja katikati. Yeye alileta 140. Vilivyobaki tukavipanga barazani, na ile mbuzi nikaificha nyuma ya pazia, ambako mhadhiri mmoja aliyetafuta pa kuvulia soksi zilizolowa aliikuta kwa njia ambayo sitaieleza.

Viti maalumu vilikuwa kile cha bwana harusi, chenye simba wawili mikononi, na kiti cha kinyozi. Kwa nini cha kinyozi? "Kinapanda," akanijibu, na kweli meza kuu yetu ina miguu mirefu, ukikaa kwenye plastiki unaonekana kidevu. Tukampandisha Profesa, mzungumzaji mkuu, kwa kukanyaga pedali mara nane. Akaonekana hadi tumboni.

Sasa, kiti cha kinyozi husimama kwa mafuta yaliyobanwa ndani ya silinda. Mpira wa kuzuia mafuta ukichakaa, mafuta yanarudi taratibu, na kiti kinashuka bila sauti wala mtikisiko, kama bamvua linavyotoka ufukweni Shangani: hulioni likitoka, unashtukia tu mitumbwi imelala upande. Profesa alisoma hotuba yake akiwa ameketi. Dakika ya tano, kifua. Dakika ya kumi, shingo. Keats mwenyewe alikuwa mfupi, futi tano na kidogo. Dakika ya kumi na tano tukawa na saizi yake halisi. Profesa hakusimama hata mara moja. Alizidi kuinua karatasi, na mwisho tukawa tunasomewa odi za Keats, mashairi yale ya sifa ya mwaka 1819, na vidole viwili na nywele nyeupe.

Mada iliyofuata ilihusu kifua kikuu. Mama yake kilimuua, mdogo wake Tom kikamuua Desemba 1818, na usiku wa 3 Februari 1820 Keats akakohoa damu kitandani, akaomba mshumaa aitazame rangi yake. Kwa kuwa alisomea utabibu, aliitambua: damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, hukumu ya kifo. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Ndipo wakaingia watu wa ngoma.

Ngoma tuliikodi kwa ajili ya jioni. Kiongozi wao alikuwa ameniuliza juzi yake, kwa heshima kubwa, "Kiti ni mwanamume?" nami nikamjibu ndiyo, alikufa kijana, alikuwa akisikia ndege akiimba usiku na moyo unamwenda mbali. Sikukumbuka kwamba kwenye mambo ya pepo, kiti ni yule aliyepandwa. Wakaja mapema, kabla hali haijawa mbaya, na vyetezo vitatu vya ubani. Madirisha tulikuwa tumeyafunga na kutandika mapazia ili projekta ionekane. Baada ya dakika mbili mwanga wa projekta ukawa nguzo ya moshi, na wajumbe wa mataifa sita wakakohoa kwa pamoja juu ya slaidi ya mapafu. Mtoa mada alidhani tunamwigizia. Akashukuru.

Bango kubwa nalo lilitoka na kosa lile lile, na halikuwa na dawa. Mashine ya kijana ilikuwa imeishiwa wino, na wino unatoka Dar kwa basi. Usiku wa kuamkia ufunguzi tulichukua manila nne, tukaandika KEATS kwa kalamu, tukafunika KITI na ile picha, tukabana kwa selotepu. Anayejua kazi hutumia markapeni ya kudumu. Sisi tulikuwa na kalamu za watoto za kupaka rangi, wino wake wa maji. Selotepu nayo haishiki plastiki yenye unyevu, kwa hiyo pembe tukazipigilia pini. Na bati la ukumbi, juu ya bango pale pale, lina tundu.

Mvua ilikuja wakati wa hotuba ya kufunga. Tone la kwanza likaipata K. Kisha E ikatoa machozi ya buluu, A ikashuka miguu, na jina zima likateleza polepole hadi sakafuni, manila ikabaki nyeupe. Nilikuwa natafuta mlango wa nyuma nilipomwona Profesa amesimama, mara ya kwanza siku hiyo, kofia mkononi, macho mekundu. Kaburi la Keats kule Roma halina jina. Aliomba liandikwe tu kwamba hapa amelala mtu ambaye jina lake liliandikwa kwa maji.

"Nani alibuni hili?" akaninong'oneza.

"Kamati," nikamjibu.

Akapiga picha kumi na mbili. Mlangoni mkodishaji ananisubiri na risiti ya viti 140, mbuzi moja na upotevu wa mafuta ya silinda. Sehemu ya jina la mteja ameandika: John.