Hela Alitoa?

Shangazi alikuwa na bando. Sisi wengine tulikuwa na hamu. Harusi ilifanyika Tanga, video ya saa nzima iko mtandaoni, na majirani zetu wa Mbagala walishajipanga mikekani kutazama shuka tuliloligeuza skrini. Tabu ni kwamba shangazi alikuwa anaondoka, na hotspoti ni simu yake.

Mpwa wangu, msomi wa kompyuta, akatutuliza. Video aliiweka kwenye ukurasa aliotengeneza mwenyewe, na pembeni namba ya asilimia iliyokwisha kushuka. "Ikisoma mia, shangazi aende zake."

Namba ikajikokota: 8, 10, 12. Mjomba uvumilivu ukamshinda. Akashika kipanya, akaburuta video hadi mwishoni ajione alivyocheza, kisha akairudisha mwanzo kama mtu aliyedokoa nyama akafunika sufuria. Mara namba ikasoma 100.

"Simu ya shangazi ina baraka!" Akaaga, tukamsindikiza kwa dua.

Video ikaanza. Bwana harusi kafika na matarumbeta, mashangazi wamemzibia mlango, wanadai chao. Akatia mkono mfukoni... kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka weee.

"Bahili huyo," bibi mmoja akanong'ona.

Nikafungua konsoli, kidirisha cha kivinjari cha kuandikia amri, nikaandika video.buffered.length, yaani vipande vilivyokwisha kushuka ni vingapi. Jibu: 2. Kumbe kivinjari huhifadhi video vipande vipande, kila kimoja na mwanzo wake (start) na mwisho wake (end). Cha kwanza kiliishia sekunde ya 431. Cha pili kilikuwa dakika 2 za mwisho, zile alizozifuata mjomba. Kivinjari kiliiomba seva sehemu hiyo tu. Katikati, pengo la zaidi ya dakika 50. Namba ya mpwa haikujumlisha urefu wa vipande. Ilisoma end ya kile cha mwisho, ambayo ndiyo mwisho wa video. Msomi akaaga kwamba anakwenda kuswali, na wakati wa sala bado.

Simu ya shangazi haipatikani, chai imeshamiminwa. Tukaweka kipande kilichopo: mjomba katikati ya ukumbi, leso kichwani, anakata mauno mbele ya wakwe. Kikiisha, tunakirudia. Watoto wakazishika hatua zote. Mjomba mwenyewe akaisifu video, eti haina mambo mengi.

Wakati wa kuagana, yule bibi akanivuta pembeni.

"Mwanangu, na yule kijana wa mlangoni? Hela alitoa?"