Bunduki ya wenzo si ya kauboi tu

Kampuni ya silaha ya Ruger iliponunua Marlin, mtengenezaji wa bunduki za wenzo (zile ambazo mpigaji huvuta mkono ulio chini ya kifyatulio ili kuingiza risasi inayofuata), mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 30, baada ya mmiliki wake Remington kufilisika, Marekani haikukosa waliosema imenunua kumbukumbu za kauboi. Mwanzoni mwa 2024 Smith & Wesson nao wakatoa bunduki yao ya wenzo, Model 1854. Kampuni kama hizo hazitengenezi silaha ili zitundikwe ukutani.

Wapinzani wa bunduki ya wenzo huanza na umbali, na hesabu yao ni sahihi. Risasi ya .30-30, ya kawaida ya bunduki hizi, iliyoanza kuuzwa 1895, ukiirekebishia shabaha yadi 100 (kama mita 90), kwa yadi 200 huwa imeshuka karibu sentimita 20. Kwa yadi 300 imeshuka zaidi ya 60. Risasi ya kisasa ya bunduki ya bolti, ile ya komeo linalovutwa nyuma kwa mkono, haishuki hivyo.

Sawa, lakini mwindaji wa Pennsylvania anaona yadi ngapi? Kwenye misitu ile ya mialoni kulungu huchomoza yadi 50 au 70, akakatiza kati ya miti na kupotea. Zile sentimita 60 zinabaki za kwenye karatasi. Anachotaka ni bunduki fupi isiyonasa matawini, inayokaa begani upesi, yenye risasi ya pili bila kuishusha. Tena jimbo hilo haliruhusu raifo ya nusu-otomatiki kwa kulungu. Ya wenzo inaruhusiwa.

Na huo udhaifu wa umbali mimi nauona ni faida. Mwenye darubini kubwa hushawishika kupiga yadi 350, akamjeruhi mnyama asimwone tena. Mwenye wenzo anajua hawezi, kwa hiyo ananyata, anasoma upepo, au anamwacha aende zake. Ni kweli kwamba mzembe atakuwa mzembe na silaha yoyote, ila hii humnyima kisingizio mapema.

Suala la bunduki hizi kulazimika kutumia risasi butu nalo limepungua. Ndani ya magazini ya bomba, iliyo chini ya mtutu, ncha ya risasi hugusa fataki (kiwashio cha nyuma) ya iliyo mbele yake, hivyo ncha kali ngumu ni hatari bunduki inaporuka. Hornady walitatua hilo kwa ncha laini inayobonyea.

Wapinzani wananishinda kwenye kutoa risasi. Kwa Marlin 336, kila risasi iliyobaki hupitishwa chemba kwa kuvuta wenzo, jioni ya baridi, vidole vimekufa ganzi, nyundo ikijikaza kila mvuto. Model 1854 imeondoa adha hiyo: unachomoa bomba la ndani, risasi zinateleza mkononi. Ila bei ya mpya kama hizi hupita dola 1,000, na nusu ya fedha hizo inatosha bolti nzuri tu.

Anayewinda nyika za Wyoming, ambako mnyama humwona mtu kutoka mbali, anunue hiyo bolti.